Kumwachisha Bi Mgeni

Mwaka ule wa 1957, kwenye bomba la maji la Kaloleni, wanawake wakitaka kumtaja mkaza mwana mwema walimtaja Lela, mke wa Zahoro wa karakana ya reli. Mama mkwe wake, Bi Mgeni, alikuwa na baridi yabisi. Vidole vilivyokanda unga wa mahamri tangu Zahoro hajazaliwa vilikuwa vimevimba na kupinda, asubuhi hawezi hata kushika kikombe. Lela ndiye aliyemfunga kanga, akamchana nywele, akampeleka hospitali kila mwezi huku Abdurahim, mtoto wake, yuko mgongoni.

Hospitali walimpa vidonge vya kotizoni. Haikupita wiki, Bi Mgeni akajifunga kanga mwenyewe. Wiki ya tatu akaingia jikoni akamsogeza Lela kando.

"Hebu nipishe. Mahamri yako wangeyapata watu wa reli wangeyatandika kama kokoto chini ya mataruma."

Lela alicheka hadi machozi yakamtoka.

Lakini miezi ilivyokwenda, uso wa Bi Mgeni ulianza kujaa, mashavu yakawa duara. Jirani yao Phelister, mke wa Okoth, hakuweza kunyamaza.

"Mama Abdurahim, huyu mama unamlisha nini? Niambie na mimi nimpe mama yake Okoth. Pengine akishiba hivi ataacha kunisema."

Bomba zima likacheka, na Bi Mgeni naye akacheka. Alipofika nyumbani aligeuza kioo kikatazama ukuta.

Mwezi wa sita wa dawa, daktari Mzungu alimtazama Bi Mgeni uso, akambonyeza miguu, akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Aliyetafsiri ni msaidizi wake, dresa mmoja kijana, Aweys, na foleni siku hiyo ilikuwa imetoka nje ya mlango.

"Anasema maumivu yametulia, na dawa hii ikikaa sana mwilini huleta mambo mengine. Sasa aanze kuachishwa, kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Wewe una mtoto, dada, mambo hayo unayajua kuliko mimi."

"Nayajua."

"Yote yako kwenye karatasi hii. Umesoma, sivyo?"

"Mpaka darasa la nne."

"Basi wewe ni mwalimu," akasema Aweys, akaita mgonjwa mwingine.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na mwandiko wenyewe umelala kama majani yaliyokanyagwa. Lela hakuambulia ila tarakimu. Angeweza kurudi akauliza. Lakini ameshaitwa mwalimu mbele ya benchi zima la wagonjwa. Angerudi kwa uso gani?

Tena, kuachisha ziwa alikujua. Abdurahim aliachishwa asubuhi moja. Lela alijipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akaonja, akatema, akapelekwa Pumwani kwa bibi yake mzaa mama. Alilia siku tatu. Siku ya nne akala uji, akasahau. Kwao kila mtoto aliachishwa hivyo, na mama aliyeona huruma akalirudisha ziwa aliambiwa anamharibu mwanawe.

Ijumaa Lela hakutoa kidonge. Alifunga chupa ndani ya kitambaa, akaitia sandukuni.

"Mama, dawa imekwisha kazi yake. Daktari amesema."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mgeni, akajishika shavu.

Jumamosi viungo vilianza kumuuma, akakataa chakula. Jumapili alitapika, akalalamika kizunguzungu. Usiku aliita, "Lela, mwanangu, hicho kidonge hakikubaki hata kimoja?"

Lela alisikia, na chupa ilikuwa hatua mbili kutoka pale aliposimama. Akajiambia, hiki ndicho kile kilio cha siku tatu. Nikimhurumia nitamharibu.

"Vumilia, Mama. Kesho kutwa utakuwa umesahau."

Siku ya nne Bi Mgeni hakuweza kuinuka. Ngozi ilikuwa baridi, imelowa jasho, na sauti imekwenda mbali. Zahoro akaomba ruhusa kazini, wakamchukua kwa teksi hadi hospitali.

Aweys alikuwa zamu. "Hii huenda ni malaria. Tutampima. Vile vidonge anakunywa kama tulivyosema?"

"Kama mlivyosema," akajibu Lela.

Haukuwa uongo, kwa alivyojua yeye. Lakini alimwona Aweys akienda kutafuta kwinini, akamwona Zahoro amemshika mama yake mkono, na ule mkono wa Bi Mgeni haukushika chochote. Sasa Lela akajua anaogopa nini. Tangu Jumapili alikuwa akiogopa kuulizwa.

"Kaka Aweys. Sijampa hata kimoja tangu Ijumaa."

Aweys aligeuka. "Nani alikwambia umkatie?"

"Wewe. Ulisema kama mtoto ziwa."

Aweys alikimbia kumwita daktari. Ikaja sindano, ikaja chupa ya maji ya chumvi ikatundikwa, na alasiri Bi Mgeni akafumbua macho akauliza kama Abdurahim amekula.

Ndipo Aweys akamwita Lela kando, Zahoro akawafuata.

"Kwetu mtoto huachishwa kwa miezi, dada. Unampunguzia la mchana, baadaye la jioni, huku anazoea maziwa ya ng'ombe. Kwenu je?"

"Asubuhi moja. Kwa shubiri."

Aweys alijipangusa uso. "Basi nami nina kosa langu hapa. Sikiliza. Mwili kwa kawaida hujitengenezea dawa ya namna hii. Ukiletewa kutoka nje miezi mingi, huacha kutengeneza. Ukimkatia ghafla, hana ya kwako wala yake. Kwa hiyo atapunguziwa nusu kidonge, halafu anangoja majuma matatu, mwili uamke, ndipo apunguziwe nusu nyingine. Akiumwa zaidi, usimwongezee wala kumpunguzia mwenyewe, njoo. Akitapika dawa, njoo siku hiyohiyo. Asiruke hata siku moja."

Lela alimrudishia maneno yote kwa mdomo wake, mara tatu. Safari hii hakujali nani anasikia.

Bi Mgeni aliporudi nyumbani, wanawake walikuja kumjulia hali. Akawa anasema, "Ni huyu Lela. Ndiye aliyemtajia dresa mambo ya dawa. Bila yeye mngekuwa mmekuja kwenye matanga." Phelister akampiga Lela bega. Lela alivumilia siku mbili sifa zile, na kila moja ilimchoma. Siku ya tatu wageni walipotoka, alikaa chini miguuni pa Bi Mgeni.

"Mama, vidonge vilikuwepo. Uliponiomba vilikuwa sandukuni."

Bi Mgeni alijishika shavu. "Na mimi nilipoambiwa vimekwisha kazi, mbona sikuuliza? Niliufikiria huu uso wangu tu." Akavuta shuka. "Lakini usiku ule nilikuita, Lela."

"Uliniita, Mama."

"Basi."

Bi Mgeni hakulirudia tena neno lile. Zahoro naye hakumgombeza mkewe hata neno. Ila kila alfajiri, kabla ya kwenda karakana, alichukua chupa, akamwaga vidonge kiganjani, akavihesabu, akatazama karatasi ambayo Aweys aliiandika upya kwa Kiswahili. Mara ya kwanza Lela alitoka nje asione. Wiki iliyofuata alibaki jikoni, akasikia mlio wa vidonge vikirudi chupani kimoja kimoja.

Ilipofika siku ya kupunguza nusu ya pili, Lela aliamka kabla ya mumewe. Alikata kidonge kwa wembe juu ya sahani, akaweka kilichobaki kwenye chupa, akampelekea Zahoro pale alipokuwa anafunga viatu.

"Hesabu, Baba Abdurahim."

Zahoro alimtazama, akaipokea chupa, akahesabu.