Fundo la Utingo

Watu husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini baba na mama yake Bosi hawakupigana hata kidogo, na heri wangepigana. Walikaa sebuleni kama watu wenye adabu zao, wakagawana: kabati kwa mama, redio kwa baba, godoro kubwa kwa mama, Kijogoo kwa baba. Mtoto mzima akatajwa baada ya godoro! Bosi, binti wa miaka kumi na mmoja, aliyasikia yote akiwa jikoni anaosha vyombo.

Jina la Bosi alipewa na majirani, maana alimwamrisha mdogo wake tangu hajajua kutambaa. Alimpenga kamasi, alimlisha, na ikibidi alimtetea kwa mawe. Mama yao alifua mashuka hospitalini tangu alfajiri. Baba alikuwa utingo wa lori, mtu wa safari. Nani basi alimlea Kijogoo? Lakini siku ya kugawana, mlezi hakuulizwa.

Baba akaenda kulala kwa rafiki yake. Angerudi alfajiri kumchukua mtoto, waondoke na lori. Jioni ile Bosi akatoa turubai kuukuu lililokuwa nyuma ya choo, akalitupia juu ya kamba ya kuanikia nguo, akakandamiza pembe zake kwa matofali.

"Leo tunahama," akamwambia mdogo wake.

"Tunahamia wapi?"

"Hapa hapa uani. Hili hema letu. Mtu haingii bila ruhusa yangu."

"Hata baba?"

"Hata baba."

Kijogoo, mwenye miaka sita na mdomo usiofungwa, akashangilia. Alidhani ni mchezo. Bosi alikuwa na hesabu zake: lori halimsubiri mtu. Baba akikuta pamefungwa, dereva atapiga honi, atapiga tena, na baba ataondoka peke yake. Mpaka safari nyingine, labda atakuwa ameghairi.

Mama akatokea mlango wa nyuma. "Nyie, mtapigwa na baridi huko."

"Tunacheza tu, mama. Tuache."

Mama akarudi ndani, akaleta blanketi la pili. Bosi akajua mama yuko upande wao.

Kazi ilibaki kwenye mlango wa hema. Kijogoo alitaka wafunge fundo juu ya fundo mpaka kamba iishe. Bosi akamcheka. "Hayo mafundo ya watoto." Yeye alilijua fundo la utingo, lile linalokaza turubai juu ya mzigo hadi lori livuke milima. Baba alimfundisha mwenyewe, akamsifu mbele ya wenzake. Akalifunga kwa ndani, akalivuta kwa uzito wake wote, akalala na amani yake.

Masikini, hakufikiri kwamba fundo hilo lina mkia, na anayeujua akipenyeza mkono akauvuta mara moja tu, lote linafumuka. Utingo asiyeweza kulifungua upesi hana kazi. Yale mafundo ya Kijogoo yangemtoa baba jasho mpaka honi ya tatu. Lakini kwa mambo ya kamba, Bosi alimwamini baba yake kuliko mtu yeyote duniani.

Alipoamka kulikuwa kumekucha. Mlango ulikuwa wazi, kamba imekunjwa vizuri pembeni. Kijogoo hakuwepo, wala blanketi lake. Mtoto yule alikuwa na usingizi wa pono. Ungeweza kumbeba mpaka nchi ya pili asijue. Bosi akatoka hemani mbio.

Akamkuta mama bombani, anajaza ndoo.

"Mama, Kijogoo yuko wapi?"

"Ameshaenda na baba yako."

"Mbona hamkuniamsha? Hata nimuage tu?"

"Ungelia, naye angelia. Ingekuwa vurugu tupu."

"Lakini kulikuwa na giza, mama. Baba aliionaje kamba?"

Mama akafunga bomba. Hakumtazama usoni.

"Nilimmulikia tochi, mwanangu."