Ndoo ya Chumba cha Wachanga

Watoto wakiharisha, wa kwanza kutazamwa kwa jicho la pembeni ni mpishi. Najua, kwa sababu mpishi wa kituo kile cha kulelea watoto ni mimi. Mtoto wa fundi cherehani alipougua Jumatatu, mwenye kituo alikuja jikoni akafunua sufuria zangu moja moja, akanusa maziwa, akainama kuchungulia chini ya sinki. Nilimwacha anuse mpaka achoke.

Jumatano wakaugua wengine wawili, wote wa chumba cha wachanga, na hapo hata mimi nikaanza kuogopa. Wale wa chumba cha wakubwa, wanaokunywa maziwa yale yale, walikuwa wazima wanarukaruka. Nilimwambia hivyo mwenye kituo. "Wewe pika tu," akanijibu.

Chumba cha wachanga kilikuwa milki ya Bi Sabuni. Jina hilo tulimpa sisi, na nadhani alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na tisa alikuwa akibadilisha nepi pale. Kabla ya kumgusa mtoto alinawa mpaka viwikoni, ungedhani anakwenda kumpasua mtu tumbo. Mlezi mwenye kucha ndefu alimrudishia getini. Nepi chafu ilikunjwa, ikafungwa mfukoni, ikaingia kwenye pipa la kukanyaga kwa mguu. Kisha kikafuata alichojivunia kuliko vyote, ndoo ya bluu. Kila asubuhi aliijaza maji, akapima kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vijidudu, akatumbukiza kitambaa. Kila mtoto akishabadilishwa, kitambaa kilikamuliwa, kikafuta godoro la plastiki, kikarudi ndooni kumngoja mwingine.

"Kinachoshinda kwenye dawa hakishiki uchafu," aliwaambia walezi wote waliopita mikononi mwake. Hakuna aliyebisha, na mimi ningebisha kama nani? Harufu ya dawa ile ilinikata pua hadi jikoni, nikaiamini kama wenzangu.

Binti yake wa pekee, muuzaji wa duka la viatu, alikuwa na mtoto wa miezi saba aliyeshinda hapo hapo, kitanda cha dirishani. Nilimwambia Bi Sabuni, "Dada, mwache mjukuu nyumbani hata siku mbili tatu. Hali si nzuri."

"Nyumbani na nani?" akacheka. "Hapa yuko na bibi yake. Mkononi mwangu hajawahi kuugua mtoto."

Sikupenda alivyolisema hilo. Kuna maneno mtu akiyatamka, unatamani umzibe mdomo kabla hajamaliza.

Alhamisi akazidisha usafi. Nilimwona kwa dirisha la jikoni akilifuta godoro mara mbili kwa kila mtoto, mara tatu, anakamua, anafuta tena, mikono imembabuka. Watatu wakawa watano. Vitanda vikazidi kubaki vitupu, na chumba kilichokuwa na kelele tangu asubuhi kikawa kimya hata nikasikia maji yakichuruzika ndooni akikamua. Kadiri alivyofuta ndivyo walivyougua, na sisi sote tulikuwa tunatazama bila kuona.

Ijumaa zamu ikamfikia mjukuu. Kufikia saa nane mchana alikuwa halii tena kwa sauti. Alikunja uso tu, na machozi hayakutoka, na utosi wake ulikuwa umebonyea. Binti alikuja mbio kumchukua ampeleke hospitali. Aliponipita mlangoni hakunisalimu.

"Umewalisha nini watoto wa watu?" aliniuliza. Nilikasirika mpaka nikalia.

Hazikupita saa mbili, akaingia bibi afya, mkaguzi aliyepewa habari na hospitali. Wala hakuja jikoni kwangu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha wachanga, akaomba mwanasesere.

"Mama, nionyeshe unavyobadilisha mtoto. Kama kila siku."

Bi Sabuni akaonyesha, na hakukosea hata hatua moja mpaka alipokamua kitambaa.

"Hiki ni cha mtoto yupi?"

"Cha wote, mwanangu. Kinakaa kwenye dawa tangu asubuhi."

Bibi afya alichungulia maji, yalikuwa yamefifia kama ya kusuuzia vyombo. "Mama, dawa ikikutana na kinyesi inaisha nguvu. Godoro linaoshwa kwanza kwa sabuni, ndipo dawa, na cha kufutia kinatupwa. Hapa umechukua kinyesi cha mtoto wa kwanza ukampaka wa pili, ukampaka wa tatu, mpaka wa mwisho."

Alisema kwa upole, na afadhali angefoka. Bi Sabuni alikaa chini sakafuni. Wa mwisho tulimjua. Siku zote mjukuu alibadilishwa baada ya wenzake, bibi asije akaambiwa anapendelea damu yake. Miaka kumi na tisa bahati ilimbeba mwanamke yule, naye akadhani ni usafi.

Nilimsindikiza hospitali. Mtoto alikuwa amelala na dripu mguuni, mdogo kuliko nilivyomzoea. Muuguzi alituambia tunasubiri mkojo. Akikojoa, maji yameanza kurudi mwilini. Asipokojoa, hapo muuguzi hakumalizia.

"Mama, wamejua ni nini?" binti aliuliza. "Si ni huyu mpishi?"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Bi Sabuni angeweza kunyamaza, na sijui kama ningekuwa na moyo wa kumsema.

"Si yeye. Ni mimi," alisema. "Ni mikono yangu." Akaeleza yote akiwa wima, bila kujitetea hata neno. Binti alisikiliza akiwa amemwangalia mtoto.

Tukasubiri. Jua lilikuwa linazama binti alipoingiza kidole kwenye nepi, akakishikilia hapo, akashusha pumzi. "Amekojoa."

Muuguzi akapiga makofi, mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Bi Sabuni alikuwa ameshanyanyuka, ametoa nepi safi kwenye mfuko, anakuja kitandani.

Binti akainyakua nepi mkononi mwake.

"Kaa, mama," alisema. "Nitambadilisha mwenyewe."