Sauti ya Shangazi Ndani ya Redio ya Jirani

Wewe, mara ya mwisho kutengeneza kitu kwa mikono yako kikafanya kazi ilikuwa lini? Usiharakishe kujibu. Kununua hakuhesabiki. Kubonyeza hakuhesabiki.

Nauliza kwa sababu nimelelewa na mwanamke aliyetengeneza redio. Sisemi alizirekebisha, ingawa hilo pia aliliweza. Alizitengeneza. Miaka kumi na tisa shangazi yangu, dada wa baba, alikaa kwenye meza ndefu ya kiwanda, koti la buluu mwilini na mkononi pasi ya lehemu, ile risasi inayoyeyushwa kuunganisha nyaya. Redio ilifika kituo cha kwanza ikiwa sanduku tupu la mbao, ikatoka kituo cha ishirini ikizungumza. Kila kituo mwanamke mmoja, na kila mwanamke aliitwa kwa namba ya kituo chake. Shangazi alikuwa Kumi na Moja. Yeye aliunganisha nyaya za spika. Rafiki yake aliyekaa kushoto kwake, Kumi na Mbili, alizivuta zile nyaya kuona kama zimeshika, kisha naye, kama wote, akagonga muhuri wa namba yake.

Namba hizo waliondoka nazo kiwandani. Utotoni niliwasikia wakiitana barabarani, "Kumi na Moja!" "Abee, Kumi na Mbili!" nikadhani ndivyo walivyoitwa na mama zao. Nilipoanza shule na mwalimu akatuhesabisha, nilikwenda nyumbani kuuliza mwalimu amewajuaje akina shangazi.

Nakumbuka harufu ya lile koti, utomvu ulioungua na chuma cha moto. Nakumbuka alivyonipeleka siku moja kiwandani kuona majaribio ya Jumamosi. Redio hamsini rafuni, zote zimewashwa, zote zinasoma taarifa moja ya habari kwa sauti moja, na wanawake wenye makoti ya buluu wanapita katikati yake wakitega sikio, kama mama anayepita kati ya vitanda vya wanawe. Sijaona tena kitu kikubwa kama kile. Nimesoma chuo miaka minne, nimepewa cheti cha uhandisi wa umeme, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenionyesha kitu kilichotengenezwa na mtu ninayemjua.

Kiwanda kilifungwa. Leo ni ghala la viti vya plastiki vinavyokuja kwa meli. Nikiupita ukuta ule damu inanichemka, na shangazi huniambia, "Chemka, lakini tazama njia, utagongwa." Siku ya mwisho kila mfanyakazi alitoka na redio moja. Ya shangazi iliungua miaka mingi iliyopita. Ya Kumi na Mbili, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, iliendelea kusema hadi mwaka juzi, kituo cha matangazo ilichokuwa inakipata kilipozimwa. Tangu hapo ilikuwa pambo tu, juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya karatasi.

Sasa sikiliza. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana shangazi aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, ameikumbatia redio ile ile.

"Wewe msomi. Simu yangu inaweza kuongelea humu?"

"Inaweza. Unataka kusikiliza nini?"

"Mimi ndiye niliyeuliza. Inaweza leo?"

Nikamwambia inaweza leo, maana nilikuwa na vidude viwili vya blutuuthi, vya bei ya chee, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti. Kinapokea sauti ya simu hewani na kuisukuma moja kwa moja kwenye spika. Vilikuwa viwili vya mwisho kwa muuza vipuri, na Jumapili muuza vipuri hafungui.

"Lakini redio si ya jirani?"

"Nimemwambia naisafisha." Akaketi kitandani kwangu, redio mapajani. "Kesho asubuhi mwanawe anamchukua. Anahama moja kwa moja. Na mimi kuna neno sijamwambia, miaka thelathini."

Shangazi si mtu wa kutazama chini. Siku hiyo alitazama chini.

Alinisimulia hivi. Kuna wiki moja pasi yake ilikuwa haipati moto sawasawa. Lehemu ilikaa juu ya waya bila kushika. Alijua. Aliogopa kuomba pasi nyingine, kwa sababu mkaguzi alikuwa mtu wa kumtukana mtu mbele ya meza nzima. Redio zikatoka, zikarudishwa na wenye maduka, bubu. Mkaguzi akauliza. Shangazi akasema lehemu yake ilikuwa nzuri, labda nyaya zilivutwa kwa nguvu mno kituo kinachofuata. Basi. Kumi na Mbili akaondolewa mezani, akapelekwa kubeba maboksi ghalani, miaka miwili, mpaka kiwanda kilipofungwa. Mgongo wake haujanyooka hadi leo.

"Na hakuwahi kuuliza?"

"Angeuliza ningemjibu. Hakuuliza. Aliendelea kuniletea chumvi."

Nikawaka, kama kawaida yangu. Nikasema mwenye kosa ni mkaguzi na mfumo mzima unaomfanya mfanyakazi aogope kuomba kifaa. Nikasema aende tu akamwambie, ukweli hauhitaji mashine.

"Umemaliza hotuba?" alisema. "Yule masikio yamekwenda. Ukitaka akusikie, paza sauti hadi kuku wa mtaa waruke. Jambo kama hilo nilipazie sauti, mkwe wake amekaa pale na wajukuu wanacheka? Barua atasomewa na nani? Na mkwe huyo huyo. Simu anasema ni mbu. Lakini sauti ya redio hii aliisikia mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anaiwekea kiganja, anasema inamwingilia kifuani. Nimeshajirekodi. Nataka aisikie kesho, chumbani kwake, peke yake, kabla hajaondoka."

Nikatoa bisibisi.

Tulifungua mgongo wa redio. Vumbi, utando wa buibui, na chini yake kazi safi ajabu: nyaya zimelazwa kama nywele zilizosukwa, kila kiungo kinang'aa. Ubavuni mwa sanduku, mihuri midogo ya wino ilikuwa bado inasomeka. Shangazi aliisoma kwa kidole, akiita namba moja moja. "Tatu, huyu aliolewa mbali. Saba, huyu alikuwa mchokozi! Tisa, amekufa." Alipofika kumi na moja aliiruka.

Mpango ulikuwa rahisi. Betri ya simu mbovu ikae mahali pa betri kubwa za zamani. Umeme upitie swichi ya redio yenyewe, ili Kumi na Mbili azungushe kitufe anachokijua. Kidude kikae katikati, nyaya mbili zake ziende kwenye spika. Shangazi alisema atalehemu yeye. Aliishika pasi kama aliyeiacha jana. Nikaona raha, na raha ikanifungua mdomo. Nikaanza kumweleza kwamba taifa lisilotengeneza hata swichi halina haki ya kujiita huru, kwamba ningekuwa na chumba kimoja na wanawake ishirini kama yeye... Nilikuwa na mengi. Nilikuwa natazama dirishani nikisema.

"Tayari," alisema. Akawasha.

Pakasikika mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti. Moshi mwembamba ukapanda.

"Shangazi, waya mweusi wa spika umeupeleka wapi?"

"Pa waya mweusi. Kwenye fremu ya chuma. Kiwandani kila mweusi unakwenda kwenye fremu."

Nikashika kichwa. Ndivyo redio zote za kale zilivyo, na mikono iliyofanya hivyo miaka kumi na tisa haiwezi kufanya vingine. Lakini kwenye kidude hiki nyaya zote mbili za spika zina umeme. Hasi ya betri ilikuwa tayari imeshika fremu. Kuupeleka na waya wa spika pale pale ni kukikaba koo.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nazungumza."

"Nimekusikia ulivyokuwa unazungumza," alisema shangazi. "Taifa zima limejengwa, waya mmoja hujautazama."

Tukajaribu spika kwa betri ndogo, ikatoa mkwaruzo, ikawa hai. Lakini kilichoungua kimeungua, na kilibaki kimoja. Kikiungua na hicho, kesho Kumi na Mbili anaondoka na redio bubu, na neno linabaki lilipokaa miaka thelathini.

Safari hii nilifunga mdomo. Tulikata waya mweusi kutoka kwenye fremu, tukaufunga utepe, tukaupitisha peke yake. Tulikipigilia kidude juu ya kipande cha mbao ili kisiguse chuma popote. Shangazi alilehemu kiungo cha kwanza, akakivuta. Akalehemu cha pili, akakivuta mara tatu, kwa nguvu mpaka nikaogopa. Mimi nilifuata kila waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, nikitaja kwa sauti unakotoka na unakokwenda, kama mtoto anayesoma ubao. Jua lilikuwa linazama alipozungusha kitufe.

Sauti ya mwanamke ikatoka spikani, kali, kwa lugha ya kigeni, ikitangaza kwamba kidude kimewaka.

Shangazi alirudi nyuma. "Huyu nani tena?"

"Yumo humo. Kila ukiwasha atasema. Hatolewi."

"Anaongea kama mkaguzi."

Tukaiunganisha na simu yake, akaweka muziki wa dansi wa ujana wao. Nilikuwa nimesahau sauti ya sanduku la mbao. Simu zetu zinapiga kelele, lakini redio ile ilikuwa inapumua. Shangazi aliweka kiganja juu ya mbao na kukiacha pale hadi wimbo ukaisha. Rekodi yake hakuniruhusu niisikilize. Kwa jirani wageni wa kumuaga walijaa hadi mlangoni, basi tukakubaliana twende alfajiri.

Asubuhi tulifika mapema, lakini mwanawe aliamua kuondoka mapema zaidi, kukwepa jua. Lori lilikuwa limeshapakiwa kitanda, makabati na ndoo. Kumi na Mbili alikuwa ameketi mbele karibu na dirisha, mdogo, ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Mkwe na wajukuu walikuwa nyuma pamoja na vyombo. Chumba cha kusikilizia hakikuwepo tena.

Shangazi alisimama njiani na redio. Nilidhani atarudi nyumbani. Akaipitisha dirishani, akaiweka kwenye mapaja ya mwenzake.

"UMEISAFISHA?" alipiga kelele Kumi na Mbili, kama viziwi wanavyofanya.

"WASHA!"

Akazungusha kitufe. Yule mwanamke wa kigeni akatangaza. Kumi na Mbili akaishika redio kwa viganja vyote, macho yakamtoka.

"HUYU NANI?"

"MKAGUZI MPYA!"

Walicheka wote wawili hadi Kumi na Mbili akakohoa. Mwanawe akawasha injini, akasema kwa adabu, "Mama mkubwa, tutachelewa." Na hapo shangazi akabonyeza simu.

Sauti yake ikatoka kwenye redio, nzito na tulivu, pana kama ya mtangazaji. "Kumi na Mbili, ni mimi. Ile wiki redio zilirudishwa..." Lori likaanza kusogea.

Shangazi akatembea nalo. Simu ilikuwa mkononi mwake, na kidude kile kinaisikia simu hatua kumi, kumi na mbili hivi, basi. Lori likaongeza mwendo kidogo. Sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika katikati ya neno "pasi". Angeweza kusimama. Kumi na Mbili angedhani redio imeharibika, mambo yangeishia hapo, na mtaa mzima uliokuwa umetoka kutazama usingejua lolote. Shangazi alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na saba, simu ameinyanyua juu ya kichwa, kiatu kimoja kikabaki barabarani, hakugeuka. Muuza mikate alisimama na baiskeli yake. Na kila alipolikaribia lori, redio ilisema tena, mbele ya wote: "...nilijua haikushika... nikasema ni wewe... maboksi yale yalikuwa yangu kuyabeba."

Kwenye njia kuu lori lilisimama kungoja magari yapite. Shangazi akalifikia, akaushika mlango, anahema, na rekodi ikaendelea kwa sauti yake hadi ikaisha. Nilifika nyuma yake na kiatu. Kumi na Mbili alikuwa ameweka kiganja juu ya mbao. Alimtazama shangazi, gari la nyuma likapiga honi.

Kisha akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ngoja." Akafungua mlango, akasogea. "Panda, Kumi na Moja."

Shangazi akapanda na kiatu kimoja. Mlango ukafungwa, lori likakunja kulia, nikawaona kupitia kioo cha mlango, vichwa viwili vimegusana juu ya redio.