Hadithi za Bure kwa Dada

Dada yangu alipougua kwake Nakonde, upande wa Zambia, mimi nilikuwa hapa Tunduma, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini mimi ni mtu wa ndani. Hata nikienda dukani huwa naaga kama nasafiri. Kwa hiyo kila asubuhi nilimtafutia hadithi moja ya watoto, zile za zamani zinazosomwa kwa sauti na kutolewa bure mtandaoni, nikamtumia kwenye simu. Alizipenda, hasa za wanyama.

"Mdogo wangu," alinitania siku moja kwa sauti ya kuchoka, "huyu msomaji wako anafika kila siku. Wewe unangoja viza?"

Tukacheka. Nikaahidi kwenda Jumamosi. Jumamosi kukawa na manyunyu, nikamtumia hadithi ndefu kuliko zote, nikajiona ndugu mwema kabisa.

Jumatatu shemeji alinipigia kusema dada amefariki. Hadithi alikuwa ameifikisha katikati.

Nilivuka mpaka na kandambili miguuni. Nilipoingia msibani, shangazi alinitazama huku akilia.

"Kumbe njia unaijua," akasema.

Nikakaa chini.