Jani la Isale Mkononi mwa Mama

Enzi zetu mtu akihamia ugenini hakukimbilia kutazama majumba. Alitazama kwanza maji yanatekwa wapi, soko liko wapi, na jirani ni mtu wa namna gani. Sasa mjukuu wangu amehamia Ulaya majuzi tu, hata sanduku hajalifungua vizuri, amenitumia picha kwenye simu: yeye na mnara, yeye na daraja, yeye na sanamu la mtu aliyepanda farasi. Zote yuko peke yake, amebinua midomo kama samaki aliyetolewa majini. Nimecheka, kisha nikakumbuka matembezi yangu ya kwanza nilipohamia nchi ya watu. Nchi yenyewe ni hapahapa Moshi ninapozeekea.

Sisi asili yetu Mombasa. Mwingereza alitawala kule na alitawala huku, lakini kwa mama yangu kuivuka Taveta kulikuwa kwenda nje kabisa, kama mtu anayevuka bahari. Baba alikuwa seremala, amepata kazi ya mabehewa hapa stesheni. Tulishuka kwenye treni asubuhi ya baridi, mama na buibui lake jeusi, mimi na kikapu cha ukili ambacho sikuwa nimemaliza kusuka. Kule kwetu mtoto wa kike mikono haikai bure. Ukimpa jani atalisuka, ukimnyima atasuka nywele za mwenzake.

Tukapanga chumba Majengo. Raha yangu ilianza siku ileile. Watoto wa Majengo walikuwa wa kila kabila, na tulicheza rede kwa mpira wa matambara mpaka magoti yakawa mekundu kwa vumbi. Lakini mama hakupata raha. Nazi hakuna. Samaki ni mkavu, amekuja na gari moshi kama sisi. Ndizi anazijua za kuiva, huku anaambiwa azipike na maharage. Na mlima wenyewe haujaonekana. Ilikuwa miezi ya baridi, wingu limekaa juu yetu kama blanketi la hospitali.

"Baba Mwanaidi," alikuwa akimwambia baba, "huo mlima ulioniimbia mpaka nikafunga mizigo uko wapi? Mlima gani unajificha kama mwali?"

Halafu kikatokea kisa cha maziwa. Siku za soko akina mama walishuka kutoka mlimani na ndizi na maziwa, wakipita mlango kwa mlango. Alikuja mmoja, mrefu, kichwani kibuyu kimefungwa kwa jani la mgomba. Mama akamiminiwa kwenye kikombe, akaonja, akakunja uso. Maziwa yalikuwa yamegandia kwenye kibuyu kinachokaa juu ya meko, kwa hiyo yananukia moshi. Mama akayamwaga chini, pale pale mbele ya miguu ya mwenyewe.

"Haya ni ya kufukizia nyumba, si ya kunywa," akasema.

Yule mama aliyatazama maziwa yakinyweka mchangani, akajitwika kibuyu chake, akaondoka. Mama jirani akatuambia, "Wamekuja watu wa bahari hawajui kitu! Kwa Wachagga, ng'ombe analishwa ndani kama mtoto, majani wanayabeba kwa vichwa. Umemwaga jasho la mtu." Mama akasonya. Lakini usiku ule hakula.

Basi akamwambia baba neno moja tu: atakaa mpaka mwisho wa wiki aone hicho kinachosifiwa, asipokipenda, yeye na mimi tunapanda treni ya Ijumaa kurudi kwa bibi. Mimi nilitaka tubaki, maana nilishapata marafiki, na baba tungemwacha na nani? Baba akaenda kumlilia hali mwenzake wa kazini, Bwana Zakaria, Mchagga wa Kirua Vunjo aliyelala mjini siku za kazi na kupanda kwake Jumamosi. Zakaria akasema, "Mlete shemeji kwangu Jumapili. Ataona mlima, ataona maporomoko ya maji, atakula. Akishuka bado anataka treni, nitambebea mizigo mimi mwenyewe."

Jumapili hiyo tulipanda lori liendalo Himo, tukashuka njiani, tukaanza kukwea kwa miguu. Jamani, ile njia! Upande huu migomba, upande huu kahawa, na mifereji ya maji inaimba kando ya miguu yako kama mtu anayebembeleza mtoto. Udongo mwekundu umeloa. Makubadhi ya mama yalikwama, buibui likaokota matope, watoto wa Kirua wakatufuata nyuma wakicheka kwa adabu, viganja mdomoni. Maporomoko tukayaona, tukarashiwa maji ya barafu. Mama akasema, "Maji yanaanguka. Kwetu pia yanaanguka, mvua ikinyesha." Juu, wingu tupu.

Kando ya njia kulikuwa na ua wa mimea mirefu yenye majani kama upanga. Nikachuma jani moja. Mikono yangu ilishazoea ukili, nikalikunja nikalifunga fundo zuri katikati. Vijinzi vidogo vilikuwa vinamsumbua mama machoni, nikampa. Akawa anajipepea nalo, huyo, mpaka tukaingia uani kwa Bwana Zakaria.

Mlangoni akatoka mke wake. Mrefu. Mama akasimama kama aliyepigwa msumari miguuni. Alikuwa ni yule yule wa maziwa.

Nilimwona Mama Manka, ndilo jina lake, anakaza taya. Nikajua sasa tunafukuzwa, na Ijumaa tunaondoka. Nikasema "Shikamoo" kwa sauti ya paka. Hakuniitikia. Macho yake yalikuwa yameshuka mkononi mwa mama, kwenye lile jani na fundo lake. Akalitazama sana. Kisha akaja polepole, akalichukua kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akaingia nalo ndani. Aliporudi uso ulikuwa mwingine.

"Karibu, mae," akasema, yaani mama. "Marahaba, mtoto. Kaeni."

Tukaletewa kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa vikawa kitu kimoja, moto, vitamu mpaka leo ulimi unakumbuka. Kisha kikaja kile kibuyu. Baba akafumba macho. Mama akapokea, akanywa, akanywa tena, akafuta mdomo kwa ukaya wa buibui. "Niongezee," akasema. Nadhani ilikuwa aibu iliyomnywesha, lakini alimaliza.

Jioni tukashuka, Zakaria akitusindikiza. Mama akasema, "Shemeji, mkeo ana moyo. Nilidhani atanichapa."

"Angekuchapa vipi na umemletea isale?"

"Isale ndiyo nini?"

Zakaria akasimama. Akatueleza kwamba lile jani kwao si la kupepea. Mtu aliyemkosea mwenzake hulifunga fundo akampelekea, na anayepelekewa, hata awe na uchungu wa namna gani, hawezi kukataa. "Umeomba radhi, shemeji. Na umepewa. Yamekwisha."

Baba akasema, "Basi alhamdulillahi, twende, lori litatuacha." Mama akageuka. Akakusanya buibui mkononi, akaanza kupanda tena.

"Mama Mwanaidi! Unakwenda wapi?"

"Kuomba radhi. Iliyoombwa ni ya mtoto na nzi wake."

Nikamkimbilia. Na hapo, tulipogeuza nyuso kuelekea juu, wingu likapasuka. Mlima wote ukatoka, mweupe, mkubwa kuliko nilivyoambiwa, jua la jioni limeupaka rangi ya papai. Nikapiga kelele, "Mama, mlima! Mama, tazama!"

Hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama anapokanyaga. "Mlima utakuwepo kesho," akasema. "Yule dada ataingia kukamua, nitamkosa."

Tukamkuta na majani ya ng'ombe kichwani. Mama akamwambia akihema, "Lile jani lilikuwa mchezo wa mtoto. Haya ni maneno yangu mwenyewe. Nilimwaga maziwa yako mbele yako. Nisamehe."

Mama Manka akaushusha mzigo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nilijua! Nani anaomba msamaha huku anafukuza nzi?"

"Mbona ulilipokea?"

"Ningefanyaje? Isale limeshaingia uani kwangu."

Lori lilituacha, tukalala kwao. Treni ya Ijumaa ilikwenda bila sisi, na zote zilizofuata. Mama Manka alimpa mama mche wa isale, akaupanda mlangoni Majengo, na baada ya hapo maziwa yaliletwa kwetu kabla ya kupelekwa sokoni. Siku mama alipofariki, mtu wa kwanza kufika kutoka mlimani alikuwa Manka, binti wa Mama Manka, amezeeka kama mimi, na kibuyu.

Siku hizi watoto wanauona mlima kwenye simu kabla hawajafika. Wakifika wanaupa mgongo, wanajipiga picha, wanaondoka. Nimempigia yule mjukuu wangu wa Ulaya. Nikamwambia picha ni nzuri, mnara ni mrefu, nimeuona. Nikamwuliza, "Tangu ufike huko umeingia nyumba ya nani?" Akasema, "Bibi, huku watu hawakaribishani hivyo."

Sikumlaumu, maskini. Nilitoka mlangoni na simu sikioni, nikalishika jani la isale la mama. Ule mche umekuwa kichaka sasa. Nikamwambia, "Basi mkosee mtu kidogo, halafu urudi ukamwombe radhi."