Jukwaa la Vyooni

Tamasha la Jazi la Kando ya Mto, pale mjini Peoria, lilipoanza lilikuwa la jazi kweli. Verlon Pruitt, dereva wa basi la shule, alipiga tromboni mwaka ule wa kwanza na hajakosa hata mwaka mmoja. Iliyokosa ni jazi. Kamati ilileta bendi moja ya roki ili kuwavuta vijana, kisha waimbaji wa kantri ili kumridhisha mdhamini mwenye duka la matrekta, kisha kijana wa kubonyeza kompyuta. Jina halikubadilishwa, maana fulana zilikuwa zimeshachapishwa.

Mwaka jana walibaki Verlon na wenzake watatu, wote magoti mabovu. Katibu wa kamati, Kendra Stahl, mwanamke wa tabasamu lisilozimika, akampigia simu kumpa habari njema: wametengewa jukwaa lao wenyewe, Kona ya Urithi. Verlon akapeleka suti kwa dobi. Mkewe Ardith aliuliza tu kona hiyo iko wapi.

Ilikuwa nyuma ya vyoo vya plastiki.

Verlon alitaka kurudi nyumbani. Ardith akamwambia, "Suti umeshaivaa, mzee. Piga."

Wakapiga. Viti vilikuwa vitupu, lakini foleni ya vyoo ilizunguka hadi mbele yao, na waliobanwa na bia hawakuwa na pa kukimbilia. Wimbo wa pili, watu wakaanza kugongagonga miguu, ingawa wengine walikuwa na sababu zao. Bwana mmoja akafika mlangoni, akageuka na kumwambia aliye nyuma yake, "Tangulia wewe, ngoja wamalize hii." Muda si muda waliokwisha kujisaidia wakawa wanarudi mkiani mwa foleni.

Kendra akaja mbio, tabasamu likiwa limelegea. "Mzee Pruitt, mnakwamisha foleni. Watu wanadhani tamasha lenyewe ndilo hili."

"Bangoni mmeandika jazi, mama," Verlon akajibu, akafuta mdomo na kuendelea.

Kamati ilikaa kikao kirefu kutafuta siri ya umati ule, ikakubaliana kwa kauli moja kwamba siri ni vyoo. Mwaka huu vyote vikahamishiwa karibu na jukwaa kuu.

Watu wakaja moja kwa moja Kona ya Urithi, na viti vyao vya kukunja. Verlon alipowaona akaharibu noti tatu za mwanzo, wakamshangilia hivyo hivyo.

Wakati wa mapumziko haja ikamshika, akavuka uwanja. Huko jukwaa kuu nyota aliyeletwa kwa ndege alikuwa akiwaimbia watu waliompa mgongo, kila mmoja akikodolea macho mlango wa choo. Verlon akamwonea huruma. Akatoka kwenye foleni, akasimama mbele yake peke yake hadi wimbo ukaisha, akapiga makofi.