Hisabati Aliyonichagulia Ami

Karakana ya baba ilikuwa na harufu yake, na mpaka leo nikiinusa mahali popote narudi kuwa msichana wa miaka kumi na sita. Ilikuwa harufu ya chuma kinachokatwa, mafuta yaliyoungua, na yale maji meupe mfano wa maziwa yanayomiminwa juu ya kerezo, ile mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga, ili kisipate moto. Karakana yenyewe ilikuwa Firq, nje kidogo ya Nizwa, katika safu ya milango ya chuma ambako kila mlango una kelele zake: huyu ananyoosha bodi za magari, yule anachomea mageti, wa tatu anapasua marumaru. Baba alikuwa fundi kerezo. Ukimletea shafti ya pampu iliyolika alikuchongea mpya, na ikiingia mahali pake bila ya kugongwa nyundo, siku hiyo nyumbani tulikula tukicheka. Siku za mapumziko alinichukua nikamwandikie vipimo, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta. Ndivyo alivyosema, na mimi niliamini kwamba sababu ni mafuta.

Hapo ndipo nilipoipenda hisabati. Shuleni tulikuwa tumemaliza aljebra, ile milinganyo ya kipeo cha pili iliyowaliza wenzangu, na baada yake zikaja pembe. Wenzangu walizikariri. Mimi nilikuwa nimekwisha kuziona, maana baba alipotaka kuchonga chuma kiwe chembamba upande mmoja, alitazama jedwali la pembe lililobandikwa ukutani, akafumba jicho moja, akanitajia namba. Alikuwa ameacha shule Unguja akiwa kijana mdogo, akaja Oman na vazi alilovaa na kaka yake wa kumpokea. Hakujua jina la nusu ya mambo aliyoyafanya, lakini aliyafanya sawasawa. Nikajiambia kimya kimya kwamba nitakuwa mhandisi, nimtajie baba majina.

Mwisho wa darasa la kumi, joto la Mei likiwa limeanza na tende zingali kijani mitendeni, tulipewa fomu. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua hisabati moja ya kusoma miaka miwili iliyobaki: ile waliyoiita bahta, yaani hisabati tupu yenye kina, au tatbiqia, hisabati ya matumizi, iliyo nyepesi zaidi. Mwalimu mshauri, mwanamke mrefu wa Nizwa aliyesema polepole kana kwamba kila neno limepimwa, alitueleza mara tatu tusije tukasema hatukusikia. Asiyechukua bahta, mlango wa uhandisi umefungwa kwake. Aliyeichukua na ikamshinda, wastani wake wote utaporomoka na huenda asipate chuo chochote. Nilirudi nyumbani fomu nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa lazima nieleze desturi ya nyumbani kwetu, maana bila ya hiyo kisa hakieleweki. Karatasi yoyote ya serikali, ya shule, ya hospitali, ilikwenda kwa Ami, kaka mkubwa wa baba, aliyekaa Samail na kufanya kazi ofisini. Ami alitangulia kutoka Unguja, akasoma Kiarabu mpaka akakiandika kwa hati nzuri. Baba alisoma Kurani kwa tajwidi ya kupendeza, na Kiarabu cha sokoni alikizungumza mpaka wateja wakamsahau asili, lakini kuandika barua kulikuwa kitu kingine. Kwa hiyo alifanya alivyofanya siku zote: alitia saini chini ya fomu ikiwa tupu, akaikunja, na siku ya pili ikaenda Samail. Kutia saini karatasi tupu kulikuwa heshima kwa mkubwa. Mama alipenda kusema mkubwa ni jaa, kila kitu utamtupia yeye. Nilimwambia baba, "Mwambie Ami bahta." Akanijibu, "Ami yako anajua, mwanangu." Sidhani kama alimwambia.

Ami aliileta fomu mwenyewe, na boksi la halwa juu yake. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu nilimchukia kwa miaka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ami." Akanijibu marhaba, akaniwekea mkono kichwani, akanipa karatasi. Alama ilikuwa kwenye tatbiqia, kwa wino mweusi, hati safi kabisa. "Binti yangu aliingia bahta ikamvunja mgongo," aliniambia. "Wastani ukaanguka, na chuo akakikosa. Wewe sitaki uonje. Soma hii, pata asilimia yako, inshallah utakuwa mwalimu." Nikasema ahsante. Sijui niseme nini zaidi juu ya ahsante ile. Kwetu mtoto hambishii ami yake, na mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, hata kikiwa kinakuchoma. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia.

Siku tatu sikula vizuri. Baba hakuniuliza kitu mpaka tulipokuwa Firq. Alinitajia kipimo, nikaandika, akaja kutazama akakuta nimekosea. Akanitajia tena, nikakosea tena. Basi alizima kerezo, na karakana ikawa na ukimya ambao sikuuzoea. "Nini, Zuwena?" Nikamwambia yote, kwa pumzi moja, kwamba alama ile imenifungia mlango, kwamba saini ni yake na Ami hataulizwa lolote, kwamba mimi ndiye nitakayekaa darasa lile na si mtoto wa Ami. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nikamwambia, na papo hapo nikaona haya kumpigia baba methali. Hakukasirika. Alichukua kitambaa akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akaniuliza, "Inabadilika?"

Ilikuwa inabadilika, ila kwa sharti. Mwalimu mshauri aliniambia kuwa mwaka uliotangulia wanafunzi walileta barua za kughushi, kwa hiyo sasa mzazi aliyetia saini lazima aje mwenyewe, aandike barua kwa mkono wake, hapo hapo mbele yake, kabla ya wiki kwisha. Niliposema hayo nyumbani, mama aliacha kukanda unga. Yeye alijua jambo ambalo mimi nilikuwa sijalijua bado.

Usiku ule baba alimpigia simu kaka yake. Alisimama wima kana kwamba Ami anamwona. Nilisikia upande mmoja tu. "Shikamoo, kaka... La, sikuvunjii maneno yako. Haki ya Mungu, sivunji... Kosa langu, nilitia saini bila ya kumuuliza mtoto... Ndiyo, akianguka ataanguka mikononi mwangu." Halafu Ami akakata simu. Alikuwa hajawahi kumpinga kaka yake maishani, na kwa mwaka mzima uliofuata Ami hakukanyaga kwetu ila kwa kilio na Idi.

Asubuhi alinawa mikono kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na sukari, kama wafanyavyo mafundi, lakini weusi wa kucha haukutoka. Akavaa kanzu yake ya kuendea harusini. Ofisini, mwalimu mshauri akamkaribisha kwa adabu, akampa karatasi na kalamu. Baba akazitazama. Kalamu aliishika kwa ngumi, kama bisibisi, na ndipo nilipofahamu kwa nini siku zote nilikuwa ninamwandikia vipimo. Mwalimu naye akafahamu. Akasema kwa sauti ya chini, "Ukipenda, ya akhi, ndugu yangu, niambie mimi niandike, wewe utie saini." Niliomba moyoni baba akubali. Baba akatikisa kichwa. "Mara ya kwanza nilitia saini tu," alisema. "Ndiyo maana tuko hapa." Akainamia karatasi akaandika mistari minne, na mistari hiyo minne ilichukua karibu nusu saa. Jasho lilimtoka wakati kiyoyozi kinavuma. Aliandika: Mimi baba wa Zuwena. Nilitia saini sikusoma, kosa langu. Binti yangu anataka bahta. Na mimi nataka. Makosa yalikuwa mengi hata mimi niliyaona. Mwalimu aliisoma yote polepole, hakusahihisha hata nukta, akagonga muhuri. Nilimpenda mwanamke yule kwa jambo hilo.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo niliwashinda wote. Mtihani wa kwanza wa bahta nilipata alama za aibu, nikafikiri huenda Ami alikuwa sahihi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga. Nilikoga miaka miwili, mara nyingine nikimeza maji, nikatokea upande wa pili. Leo ni mhandisi, napima barabara, nakaa Ibra, na baba, aliyekwisha kuacha kerezo, bado ananiuliza jina la hili na lile.

Siku hizi mambo hayo yote yamo ndani ya simu. Mzazi anaingia kwa namba yake ya siri, anabonyeza, khalas, imekwisha. Hakuna anayetoka jasho mbele ya mtu. Hata majina ya hisabati zile yamebadilika, sasa ni ya juu na ya msingi. Mwaka jana ilikuwa zamu ya Rahma, binti wa mdogo wangu wa kiume anayeishi Sur. Mdogo wangu hushinda kazini, na kila karatasi ya familia hunitumia mimi. "Wewe ndiye msomi wetu," husema, na namba ya siri alinipa zamani. Rahma alinipigia akasema anataka ile ya msingi, moyo wake uko kwenye lugha. Nilimsikiliza vizuri, nikamwitikia vizuri, kisha nikaweka alama kwenye ile ya juu. Mtoto ana akili, nilijiambia, na iko siku atanishukuru.

Alinishukuru mapema kuliko nilivyotaraji. Ijumaa walikuja Ibra kula mchana, na kabla sinia halijatua akanibusu mkono, akasema, "Ahsante, shangazi. Nimeona ulichonichagulia. Wewe ndiye unayejua." Alitabasamu, lakini macho hakuyainua. Ami amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na mpaka dakika ile nilikuwa sijamsamehe sawasawa. Nilikuwa sijui kwamba jambo kama lile mtu anaweza kulifanya kwa mapenzi matupu na usiku akalala usingizi mzuri. Nikamwambia Rahma, mbele ya watu wote, "Nimekosa, mwanangu. Nisamehe." Nikafungua ile fomu kwenye simu, ilikuwa bado inabadilika, nikaiweka kati yake na baba yake, nikarudi nyuma. Mdogo wangu akataka kunirudishia. Nikakataa. Akaikamata, akamtazama binti yake kama mtu aliyeulizwa swali la darasani, akamwuliza, "Haya, niambie. Hii ya msingi, wanasomesha nini?" Na Rahma akaanza kumweleza.